Marehemu Hajakubali

Mama yangu aliwaambia majirani wa mtaa wetu wa Nyasho, Musoma, kwamba nasomea mafaili. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, lakini hilo si jambo la kulieleza dukani huku unasubiri chenji, kwa hiyo likabaki mafaili. Mwenye duka aliniuliza siku moja, kwa huruma kabisa, kama masomo mengine yalinishinda.

Jina langu liliharibika zaidi nilipochagua mada ya utafiti. Huku kwetu hakuna mtu anayezikwa bila kusomewa historia yake. Ni karatasi moja, ikizidi mbili: marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, alizaa wangapi, aliugua nini. Msomaji anasimama mbele ya jeneza, watu wanatulia hata wapishi, inasomwa. Kisha karatasi inapotea. Ya baba yangu niliikuta jikoni wiki chache baada ya mazishi, imefungiwa chumvi. Nilikaa chini nikalia, halafu nikaikung'uta chumvi nikaitia kwenye bahasha. Nisijidai kwamba nilikuwa nawaza taaluma. Nilikuwa na hasira.

Msimamizi wangu wa chuo aliipenda mada mno. Alisema hapo kuna pengo, na wasomi wakiona pengo hufurahi kama watu wengine wanavyofurahia pilau. Akataka sampuli za Musoma mjini, Bunda na Butiama. Ndipo nikaanza kuhudhuria misiba ya watu nisiowajua, na begi langu, nikingoja pale mwishoni kuomba ile karatasi kabla haijafungiwa kitu. Watu wa mtaa wa Mwisenge walinizoea hadi wakaanza kuniogopa. Nikipita, mama mmoja muuza dagaa alikuwa anauliza, "Leo ni nani tena?" Nilikwenda Bunda kumjulia hali mjomba wangu aliyekuwa hoi kitandani siku nyingi. Alipoona begi, alikaa. Nilipotoa kalamu, alisimama. Naondoka, alikuwa shambani anapalilia mihogo, na mkewe akanisindikiza hadi barabarani akinishukuru.

Sasa, nilichogundua kwenye zile karatasi ni kwamba wafu wa mkoa wa Mara wote walikuwa mtu mmoja. Wote walikuwa wacheshi, wapenda watu, walioshika dini tangu ujana, wakaugua kwa muda mfupi. Chanzo chake kilikuwa steshenari moja pale mtaa wa Mukendo, Musoma mjini. Dada wa pale alikuwa na historia moja kwenye kompyuta, nzuri kwelikweli, na kila msiba ukija alikuwa anafuta jina anaweka jingine. Nilimuuliza kama haoni tatizo. Akaniambia, "Dada, watu wanakujaga hapa wanalia. Nikianza kuwahoji wanalia zaidi."

Tatizo lilijionesha kwenye msiba wa kijiji kimoja nje ya Bunda. Aliyefariki alikuwa fundi wa nyavu, mzee ambaye hakuoa wala hakuzaa, na kila mtu pale alijua hivyo isipokuwa mwinjilisti aliyepewa karatasi, maana alikuwa mgeni. Dada wa steshenari alikuwa amebadilisha jina akasahau aya ya mwisho. Mwinjilisti akasoma kwa sauti ya kengele kwamba marehemu ameacha watoto sita na wajukuu wengi. Kuku mmoja akapita. Nilifikiri mtu atasema, "Hapana, hiyo imekosewa," lakini nani amrudie msomaji mbele ya jeneza? Maji yakimwagika hayazoleki. Tukaenda kaburini, na mwongozaji wa ratiba ya mazishi naye akaifuata karatasi kama ilivyo: "Sasa tunawaomba watoto wa marehemu waje waweke mashada."

Hakutoka mtu. Akarudia. Sasa kumwacha marehemu aite watoto mara ya tatu bila kuitikiwa ni mkosi ambao ukoo wowote usingeukubali. Wazee wakaanza kusukuma watu wenye umri unaofaa, hadi watimie sita. Alisukumwa mpwa, akasukumwa mpangaji, akasukumwa muuza vocha. Wa nne alikuwa dereva wa bodaboda aliyenitoa Bunda mjini, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama karibu na koleo. Dada wa marehemu, bibi kizee, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili akamuuliza, "Ulikuwa wapi siku zote, mwanangu?"

Yule kijana akainamisha kichwa, akasema, "Nilikuwa kazini, shangazi."

Njiani kurudi hakuwasha redio. Tulipofika lami akaniambia, "Dada, yule mzee alikuwaga mtu mzuri." Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kunyolewa nywele siku ya kumaliza msiba, kama wanavyonyolewa watoto wa marehemu, pamoja na wale wengine watano, na kwamba kwenye vikao vya ukoo ule sasa ana kiti chake.

Nilimsimulia bibi yangu kisa hicho Butiama, kijijini kwake, mimi nikidhani namchekesha. Ni mama mzazi wa marehemu baba yangu. Alicheka mpaka kitenge kikamvuka begani. Halafu akawa anaitazama mikono yake.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "mimi sijuagi kusoma. Nikifa watanisomea ya nani?"

"Yako, bibi."

"Umeona ya nani ikisomwa pale Bunda?"

Akataka tuandike yake siku ileile, akiwa hai, kwa kinywa chake. Sio marehemu alifanya hivi, marehemu alifanya vile. Mimi. Nikatoa kalamu, na yeye, tofauti na mjomba, hakukimbia. Alisema aliolewa kwanza upande wa ziwani, Bunda, akiwa msichana mdogo. Watu wa kwao walikuwa wafugaji, hakuwa amewahi kuonja kamongo, yule samaki wa matopeni, akajifunza kumla. "Mume alikuwa ananipigaga akikosa samaki," akasema. "Na ziwa lile lina siku nyingi za kukosa." Siku moja akatoka na kitenge alichovaa, akatembea mpaka kwa baba yake. Baba yake hakumuuliza kitu. Alimpa maziwa, na kesho yake akaanza kuwatoa zizini ng'ombe wa mahari ili warudi kwa wenyewe.

"Mmoja alikuwa amezaa," bibi akasema. "Ndama alikuwa mdogo, hakuweza safari. Akapelekwa baadaye na kaka yangu. Andika ndama."

"Ndama naye, bibi?"

"Huyo ndiye wa kwanza kuandikwa. Wengine hao ni mapambo."

Ndipo baadaye akaolewa na babu yangu, akawazaa baba mkubwa, baba yangu na shangazi. Nikamsomea yote, akaweka dole gumba. Nilikuwa na furaha ambayo ni aibu kuieleza. Hii haikuwa historia ya Mukendo. Ilikuwa ya mtu.

Nikamtumia msimamizi ujumbe. Akanijibu kwa swali: je, mwenye historia ameshafariki? Nikamwambia bado. Akaniambia basi hiyo si kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu huzaliwa na tukio, na tukio halijatokea. Kwa sasa ni rasimu. Nisubiri.

Baba mkubwa alipopata habari aliitisha kikao. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee wa kanisa, mtu mwenye ndevu na sauti ya mnadani, na tangu baba yangu afe yeye ndiye alikuwa kichwa cha nyumba yetu. Alikuja na nakala yake mwenyewe, iliyochapwa vizuri Mukendo. Tukakaa uani: yeye, shangazi, mimi, na bibi kwenye kigoda chake. Baba mkubwa akafungua kwa sala, akasema ajenda ni moja, kuhusu historia ya marehemu.

"Marehemu gani?" bibi akauliza.

"Mama, ni utaratibu tu."

Akaanza kueleza kwamba marehemu alikuwa mtu wa heshima na kwamba mambo mengine ya marehemu si ya kusomwa mbele ya mchungaji. Bibi akainua mkono. Baba mkubwa, ambaye kikao kilikuwa kimempanda kichwani, akasema, "Tunamwomba marehemu anyamaze kwanza, atapewa nafasi." Shangazi akaficha uso kwenye khanga. Nilimwona mabega yanamtikisika na sikujua kama ni kilio au kicheko. Nafasi ilipofika bibi akasimama, akajikung'uta, akasema, "Marehemu hajakubali," akakaa.

Baba mkubwa akamwomba basi asikilize nakala yake kabla hajakataa. Akaisoma. Ilikuwa na mama mcha Mungu, mpole, aliyeolewa mara moja tu katika maisha yake, aliyempenda kila mtu bila ubaguzi. Hapo kwenye ubaguzi bibi akageuka kutazama ua wa jirani ambaye hawakusalimiana kwa miaka mingi kwa ajili ya kuku. Lakini alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama tunavyosikiliza misibani.

"Huyo mama alikuwaga mwema sana," akasema. "Mmemzika wapi?"

Hakuna aliyecheka. Akaingia ndani akalala, mchana kweupe.

Nilikuwa tayari kumchukia baba mkubwa. Nikamfuata kwenye zizi nikamwambia, kwa lugha ya chuo, kwamba mtu hana haki ya kufuta kumbukumbu ya mwingine. Alinisikiliza kwa utulivu ambao sikuutegemea. Kisha akaniambia kwamba mimi nadhani ni aibu ya kanisa, na sivyo. Tatizo lake ni ndama.

Kule ziwani, akasema, kuna watu waliokuwa wanasemaga siku zote kwamba ndama hakufika. Na kwa mila, mahari isiporudi yote, mke hajaachika. Na mke ambaye hajaachika, watoto atakaozaa popote ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Alikuwa amelisikia hilo tangu anachunga mbuzi. Wenzake wakikosana naye walikuwa wanamwita mtoto wa ziwani. Aliyempeleka ndama ameshakufa, aliyempokea hajulikani, na hakuna karatasi.

"Wewe umesomea," akaniambia. "Ushahidi uko wapi?"

"Ni neno la bibi."

"Neno la mama natosheka nalo mimi. Wengine je?" Akaegemea mti wa zizi. "Umesimulia mwenyewe ya Bunda. Dereva wa bodaboda amesomewa karatasi, amekuwa mtoto wa mtu. Sasa mimi, uzee huu, isomwe karatasi, asimame mtu aseme ndama hakufika, niwe mtoto wa nani? Baba yako kule kaburini awe wa nani? Usimwamshe aliyelala."

Bibi alitaka ndama asomwe mbele ya watu ili maneno yaishe. Mwanawe alitaka asisomwe ili maneno yasianze. Na wote wawili, nikiangalia sana, walikuwa wanamtetea mtu yuleyule. Baba mkubwa akazichukua nakala zote mbili, yake na yenye dole gumba, akazifungia kwenye mkoba wake wa mnadani, akasema siku ikifika itajulikana.

Kikaanza kipindi cha kijinga kuliko vyote katika elimu yangu. Chuo kilikuwa kinasubiri tukio, na tukio lilikuwa linafuga kuku na kunilimia karanga. Kila nikienda Butiama bibi aliniuliza wanasemaje.

"Wanasema bado wewe ni rasimu, bibi."

"Rasimu ndiyo nini?"

"Kitu ambacho hakijakamilika."

"Hapo wamesema kweli," akasema. Na akinisindikiza alikuwa ananipa pole, ya kweli kabisa, kwa kunichelewesha masomo. Mama kule Nyasho aliwaambia watu kwamba nasubiri majibu. Mwishowe nilimwandikia msimamizi kwamba tasnifu yangu itakwenda bila sampuli hiyo, na nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Bibi alifariki asubuhi moja ya masika, chai akiwa ameimaliza. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia, na niliposikia nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu nikalia kama mtoto. Msimamizi alinitumia pole ndefu nzuri. Baada ya muda kidogo ukaja ujumbe wa pili, unaoanza na maneno "Kuhusu ile sampuli." Nikazima simu.

Siku ya maziko uwanja ulijaa. Turubai lilivuja upande wa kwaya, wakaimba wakisogea sogea. Baba mkubwa akatangaza kwamba historia ataisoma mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, maana mfiwa hasomi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya shangazi. Kabla hajasimama zikaingia bodaboda tatu zenye tope, na kwenye mojawapo akashushwa mzee mkongwe, mwembamba, kofia mkononi. Akapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele. Shangazi akanishika goti akaninong'oneza, "Huyo ni mdogo wake yule mume wa kwanza. Wa ziwani."

Nilimwona baba mkubwa akimwona. Akafungua mkoba, akatoa nakala zote mbili, ya kuchapwa ikiwa juu. Akaanza. Mwanzo ulikuwa uleule kote, kuzaliwa na wazazi. Nikawa naziangalia zile karatasi, na moyoni nikamwambia, soma yako tu baba, soma ya Mukendo, bibi atakusamehe. Nilikuwa nimeshakuwa msaliti wa taaluma nzima.

Akafika kwenye kuolewa. Akaichukua ya juu, akaiweka chini.

"Mimi niliolewa kwanza Bunda, ziwani," akasoma.

Vichwa vikainuka. Pale amesimama mwanamume wa ndevu, wa sauti ya mnadani, anawaambia watu kwamba yeye alikuwa bibi harusi mdogo asiyejua kula kamongo. Mtu mmoja upande wa vijana akaguna kicheko, akakanyagwa. Baba mkubwa hakuinua macho. Akasoma kwamba mume alikuwa anampiga akikosa samaki. Akasoma kitenge na safari ya miguu. Akasoma maziwa aliyopewa na baba yake, na hapo wanawake wakaanza kulia kweli, si kile kilio cha kupokelea wageni. Akasoma ng'ombe. Kisha akasoma, polepole, "Na ndama naye alirudi."

Yule mzee wa ziwani akasimama.

Alichukua muda mrefu kusimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimezama kwenye tope kikatoka naye. Mjukuu wake akamvua kile kiti. Mchungaji akainua mkono kumzuia, lakini nani amzuie mzee wa umri ule? Baba mkubwa alikuwa amesimama wima karatasi kifuani. Sijawahi kuona mtu mzima ameogopa namna ile.

"Ndama," mzee akasema. "Nani anasema ndama?"

Mwongozaji aliangalia ratiba yake, ambayo haikuwa na kitu kama hicho.

"Ndama alifika," mzee akasema. "Nilimchungaga mimi. Alikuwa mweupe, mkaidi kama shetani. Aliniliaga shati. Shati lenyewe la kanisani, nilianika juu ya jiwe, narudi anatafuna mkono wa kushoto. Nikapigwa mimi." Akatazama watu, akiwa bado amekasirika, miaka yote ile. "Kama kuna anayesema ndama hakufika, anirudishie shati langu."

Kisha akatafuta kiti chake, hakukiona, akaendelea kusimama.

Watu walicheka. Walicheka msibani, mbele ya jeneza, kwaya ikacheka, mchungaji akajifuta uso na leso kwa muda mrefu kupita jasho lake. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Baba mkubwa peke yake hakucheka. Mdomo wake ulifunguka kusoma mstari unaofuata, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akanitafuta kwa macho, akaninyooshea karatasi.

Nikapita mbele nikaipokea. Ilikuwa mwandiko wangu. Nikaanza pale alipoishia, kwa kinywa cha bibi, kwamba baadaye niliolewa Butiama, na mume huyo hakuwahi kuniinulia mkono. Uwanja ukatulia tena.

"Mtoto wangu wa kwanza," nikasoma, na nikalitaja jina lake.

"Nipo, mama," akasema baba mkubwa.